Chura wa plastiki na besi wa Naivasha: nunua mshipi kwanza, rili baadaye

Leo siasa tunaiweka kando, yenyewe haina mbio, kesho tutaikuta pale pale. Leo twende tukavue.

Kisa ni dogo mmoja wa mtaani kwetu. Alijikusanyia hela za kibarua miezi mitatu, akaingia duka moja la vifaa vya michezo mjini, akatoka na rili inayong'aa kama rimu ya gari la harusi. Muuzaji kamwambia eti hiyo ndiyo wanayotumia Wamarekani. Chenji iliyobaki akachukua fimbo laini ya bei ya chini na mshipi mwembamba wa nailoni, pamoja na chura mmoja wa plastiki, rangi ya kijani. Jumapili akaenda Naivasha, akakodi mtumbwi, akarusha chura wake juu ya gugu maji. Mara ya nne tu, maji yakalipuka. Besi! Dogo akavuta kwa nguvu zake zote. Paa! Mshipi ukakatika. Chura kaenda, samaki kaenda na ndoana mbili mdomoni, na hela ya miezi mitatu ikabaki mkononi inang'aa bila kazi.

Nilicheka kidogo (samahani dogo, najua unasoma hapa). Lakini baadaye nikaona si jambo la kucheka. Vijana wengi wanaangalia video za kuvua kwa chura bandia, wanapagawa na ule mlipuko wa maji, halafu wanakwenda kununua vitu kinyumenyume. Kwa hiyo nimeamua kuandika hapa kila ninachokijua. Mlioko saiba na dakika zinahesabika, chapisheni mkasome nyumbani.

BESI NI NANI?

Tuelewane kwanza. Besi ninayemsema si ule mdundo wa spika za matatu. Ni samaki. Wavuvi wa Naivasha humwita black bass. Kwao ni Amerika Kaskazini. Aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa starehe wa walowezi, na baadaye akaongezwa tena. Ana mdomo mpana kweli kweli, taya lake linapita hadi nyuma ya jicho. Rekodi ya dunia iliwekwa na George Perry huko Georgia, Marekani, mwaka 1932: samaki wa kilo 10 na ushee. Mwaka 2009 Mjapani Manabu Kurita akaifikia kwenye Ziwa Biwa. Hapa kwetu usiote hayo. Ukipata wa kilo mbili, piga picha, tuma, tutaiweka.

Tabia yake ndiyo ya kuielewa. Besi ni mviziaji. Hazunguki ziwa zima akitafuta chakula kama mtu anayetafuta kazi. Anakaa kivulini, chini ya mafunjo, chini ya majani ya yungiyungi, chini ya blanketi la gugu maji, anasubiri chakula kipite juu ya kichwa chake. Chura, panya, kereng'ende, kifaranga cha ndege wa majini, yeye haulizi kitambulisho. Akiona kivuli kinatambaa juu ya dari lake, anapanda na kumeza. Naivasha anakula sana pia wale kamba wekundu wa Louisiana walioletwa ziwani mwaka 1970, lakini mlango wa juu uko wazi wakati wote.

Na jambo moja la kusikitisha. Besi wa Naivasha si wengi kama enzi za wazee wetu. Samaki aitwaye kapu aliingia ziwani karibu mwaka 2001, na ndani ya miaka kumi hivi akawa ndiye anayejaza mitumbwi. Kwa hiyo kila besi anayekatikia mshipi na kuondoka na ndoana mbili mdomoni ni hasara kwako, na ni hasara kwa ziwa pia. Ndiyo maana suala la vifaa si la mbwembwe tu.

KWA NINI CHURA NA SI CHAMBO KINGINE?

Jibu ni moja: magugu. Naivasha ni ziwa la mafunjo, na tangu mwaka 1988 gugu maji nalo limehamia bila kulipa kodi. Visiwa vizima vya majani vinaelea na kuhamahama kufuata upepo. Rusha humo ndoana ya kawaida na utavua saladi mpaka jioni.

Chura bandia alibuniwa kwa tatizo hilo hilo. Harry Ehlers, Mmarekani wa Ohio, alimtengeneza wa kwanza wa aina hii mwaka 1957 na kumwita Snag Proof, yaani asiyenasa. Ujanja wake ni rahisi sana. Mwili ni wa plastiki laini, ndani hewa tupu. Nyuma ana ndoana pacha zinazotazama juu, zimelalia mgongo wa chura. Akiburuzwa juu ya majani, ndoana zimejificha, hazishiki kitu. Besi akimbana mdomoni, ule mwili unabonyea kama puto lisilo na hewa, na ndoana zinabaki nje zikitazama kaakaa la samaki.

Umeona mambo? Ule mwili lazima ubonyee KWANZA ndipo ndoana zifanye kazi. Kumbuka hilo, tutalirudia.

MSHIPI: HAPA NDIPO HELA IANZIE

Dogo wetu alianza na rili. Kosa. Kwenye kazi ya chura, rili ndiyo kifaa cha mwisho kwa umuhimu. Cha kwanza ni mshipi.

Fikiria kinachotokea. Besi akinasa, kitu cha kwanza anachofanya ni kupiga mbizi kwenye mizizi. Sasa huvuti samaki peke yake, unavuta samaki pamoja na debe zima la gugu maji. Samaki wa kilo moja na nusu anageuka mzigo wa kilo saba. Pili, mshipi wa nailoni unanyumbuka. Umbali wa mita ishirini ukivuta, nailoni inarefuka kama mpira, nguvu yako inaishia njiani, ndoana inamgusa samaki tu bila kumchoma.

Dawa ni mshipi wa kusokotwa. Huu haunyumbuki, na kwa unene ule ule una nguvu mara kadhaa kuliko nailoni. Kwa chura chukua wa paundi 50 hadi 65, yaani unabeba kati ya kilo 23 na 29 kabla ya kukatika. Usiogope kwamba samaki atauona. Chura yuko juu ya majani na mshipi uko juu ya majani, yeye yuko chini gizani. Aone nini?

Mambo matatu kuhusu mshipi huu:

1. Unateleza kwenye rili. Ukiufunga moja kwa moja kwenye chuma, utazunguka wote kama gurudumu lisilo na breki. Tanguliza mita chache za nailoni, au kipande cha utepe wa kubandika, ndipo uzungushie.

2. Unakata. Usiuzungushe mkononi kuvuta kitu kilichonasa, utaacha nyama hapo. Zungushia kwenye kipande cha mti ndipo uvute.

3. Fundo la kawaida linafunguka. Tumia la Palomar. Kunja mshipi uwe mara mbili, upitishe kwenye tundu la chura, funga fundo moja la kawaida kwa zile nyuzi mbili bila kukaza, halafu mpitishe chura mzima ndani ya kitanzi kilichobaki. Lowesha kwa mate, kaza polepole. Jifunze nyumbani kwa kamba ya kiatu, siyo kwenye mtumbwi unaoyumba.

FIMBO: NGUMU, TENA NGUMU KWELI

Cha pili ni fimbo. Ukisoma maandishi madogo juu ya mpini utakuta herufi. M ni ya wastani, MH ni ya wastani kuelekea nzito, H ni nzito. Kwa chura tafuta H. MH itafanya kazi kama magugu ni mepesi. M iachie wengine. Urefu uwe futi 7 mpaka 7 na nusu, kwa sababu fimbo ndefu inakusanya mshipi uliolegea kwa mkupuo mmoja na inakupa nguvu ya kumwinua samaki kabla hajajifungia ndani.

Utaona pia neno Fast. Maana yake ncha tu ndiyo inayokunja, na kutoka katikati kushuka fimbo ni chuma. Unahitaji ile ncha laini kidogo ili umchezeshe chura, na ule mgongo mgumu ili umtoe samaki. Namna ya kujaribu dukani: mwombe rafiki ashike ncha, wewe inua mpini. Ikikunja mpaka karibu na mkono wako kama mjeledi wa punda, rudisha rafuni.

RILI: YOYOTE ILIYO IMARA

Rili ziko za aina mbili. Kuna ya ngoma, inayokaa juu ya fimbo, na kuna ya spini, inayoning'inia chini. Wataalamu wa chura wanapenda ya ngoma kwa sababu ina nguvu ya kuvuta, na wanachagua ile ya mwendo kasi, iliyoandikwa 7:1 au zaidi. Maana yake ukizungusha mpini mara moja, ngoma inazunguka mara saba. Inasaidia kukusanya mshipi upesi samaki akija mbio upande wako.

Lakini rili ya ngoma ina shule yake. Usipoizuia kwa kidole gumba wakati wa kurusha, mshipi unafumuka unakuwa kiota cha ndege, na utatumia nusu saa kukifumua huku wenzako wanavua. Kwa hiyo kama ndiyo unaanza na hela ni ya mawazo, rili ya spini kubwa yenye afya, juu ya fimbo ngumu, na mshipi wa kusokotwa wa paundi 40 au 50, itakupa samaki. Ya kung'aa itakuja ukipata kazi nzuri.

Aina yoyote utakayochukua, kaza breki. Kwenye maji ya wazi tunamwacha samaki akimbie na mshipi kidogo ili achoke. Kwenye magugu hakuna kukimbia. Ukimpa mita moja tu, keshajifunga fundo kwenye mizizi.

CHURA MWENYEWE

Madukani na mtandaoni utakuta wa sampuli tatu.

Wa kwanza ana pua iliyochongoka. Huyu anapenya na kuteleza juu ya magugu mazito. Kama unaweza kununua mmoja tu, nunua huyu. Wengi mtakuwa mmemwona Bronzeye wa kampuni ya SPRO, aliyebuniwa na mvuvi wa mashindano Dean Rojas. Ni wa sampuli hii.

Wa pili mdomo wake umekatwa na kuingia ndani kama kikombe. Ukimvuta anatema maji, "pop!" Huyu ni wa pembezoni mwa magugu na kwenye maji ya wazi kati ya mafunjo. Kwenye magugu mazito ule mdomo unazoa majani kama koleo.

Wa tatu ni plastiki tupu, hana hewa ndani, ana miguu inayopiga maji kama feni. Unamvalisha ndoana moja kubwa na kumvuta bila kusimama. Ukimsimamisha anazama. Ni mzuri penye majani machache na wewe unataka kukagua eneo kubwa haraka.

Rangi watu wanaipigia kelele bure. Samaki anamwona chura kwa chini, anaona tumbo. Kwa hiyo mgongo uliochorwa vizuri ni wa kumvutia mnunuzi, yaani wewe. Mweusi kwa mawingu na magugu mazito, maana unatoa kivuli kinachoeleweka. Tumbo jeupe au la manjano kwa jua na maji maangavu. Umemaliza.

Kabla hujamtumia, mfanyie mambo haya matatu. Kwanza, punguza miguu yake ya nyuzi za mpira kwa mkasi, sentimita mbili hivi. Miguu mirefu inamfanya samaki ang'ate nyuzi akose ndoana, na inamzuia chura kucheza kulia na kushoto. Pili, chukua koleo na uzipinde ndoana zitoke nje KIDOGO sana mgongoni. Ukizidisha, umeua maana ya kutonasa. Tatu, kama hafiki mbali, tumbukiza chubwi ndogo moja au mbili ndani ya mwili kupitia lile tundu la nyuma. Ataruka mbali zaidi na makalio yatazama kidogo, yaani ndoana zinakaa karibu na mdomo wa mgeni. Na kila baada ya kurusha mara kadhaa mkamue, maji huwa yanaingia. Chura aliyejaa maji hachezi.

NAMNA YA KUMCHEZESHA

Usirushe juu ya shimo lenyewe. Rusha lipite, chura atue juu ya majani au ukingoni kabisa, halafu mvute aje taratibu kama vile ana safari zake. Kishindo cha kutua juu ya kichwa cha besi kinamfukuza.

Kwenye magugu mazito: mburuze kidogo, simama, mtikise pale pale bila kumsogeza. Akifika kwenye tundu la maji kati ya majani, simama. Hesabu mpaka tano, hata kumi. Hapo ndipo wengi wanapigwa na butwaa, maana samaki amekuwa akimfuata kwa chini muda wote, akisubiri dari lifunguke.

Kwenye maji ya wazi: shusha ncha ya fimbo, legeza mshipi, halafu piga vipigo vifupi vya kiganja, tap, tap, tap. Siri iko kwenye kulegeza baada ya kila kipigo. Chura atageuza kichwa kulia, kushoto, kulia, kama mlevi anayetafuta mlango. Ukivuta mshipi ukiwa umekaza muda wote, atakuja moja kwa moja kama kipande cha ubao.

Utajuaje pa kurusha? Tumia masikio. Ukisikia sauti ndogo za kubusu chini ya magugu, "tsk, tsk", pale kuna samaki wadogo wanakula wadudu, na penye wadogo mkubwa hayuko mbali. Angalia pia pembe za magugu, sehemu ambapo mafunjo yanakutana na gugu maji, na mahali majani yanapotikisika bila upepo.

USIVUTE KWA MACHO, VUTA KWA MKONO

Sasa tumefika penyewe. Ukisahau yote niliyoandika, kumbuka hili.

Maji yakilipuka, mwili wako wote utataka kuvuta. Usivute. Kumbuka ule mwili wa chura lazima ubonyee kwanza, na mara nyingi mlipuko wa kwanza samaki bado hajambana vizuri, amepiga majani na chura pamoja. Ukivuta hapo, unamnyang'anya chakula mdomoni. Chura anarudi kwa kasi kuelekea usoni kwako na samaki anabaki akishangaa.

Macho yanaona mlipuko. Mkono unasikia uzito. Ngoja mkono. Kwa kawaida ni sekunde moja au mbili. Wengine hujisemea moyoni "karibu chakula" ndipo wanafanya kazi. Ukisikia uzito, shusha fimbo ielekee kwa samaki, zungusha rili ule mlegeo uishe, halafu piga kuelekea juu kwa mabega na kiuno, siyo kwa kiganja. Piga kweli, maana unachomeka ndoana mbili nene kwenye mdomo mgumu.

Ukishampiga usishangilie. Endelea kuzungusha bila kusimama, fimbo juu, kichwa cha samaki kije juu ya majani. Kikiwa juu, anateleza tu kama sahani ya sabuni. Kikiingia chini, imekula kwako. Akizama akakwama, usivutane naye. Weka mshipi umekaza na mpelekee mtumbwi taratibu, umtoe na majani yake.

Na akikosa? Mwache chura palepale sekunde chache, mtikise mara moja. Mara nyingi anarudi. Asiporudi, mwenzako mwenye fimbo ya pili arushe mnyoo laini wa plastiki kwenye tundu lile lile, auache uzame wenyewe. Yule samaki bado yuko hapo na hasira zake.

WAKATI GANI, NA SUALA LA KIBOKO

Vitabu vya Marekani vinasema chura ni wa majira ya joto, maji yakipita nyuzi 15 hivi za Selsiasi. Naivasha iko juu, karibu mita 1,890 kutoka usawa wa bahari, lakini haina baridi ya theluji, kwa hiyo hilo lisikuumize kichwa. Vitabu hivyo vinasema pia nenda alfajiri au magharibi. Hapo wadau, tusikilizane vizuri.

Alfajiri na magharibi ndiyo saa za kiboko kutoka na kurudi majini. Na mahali pazuri pa chura, yaani ukingo wa mafunjo, ndipo mahali pake. Viboko wameua watu wengi Naivasha, wengi wao wavuvi wa kawaida ambao majina yao hayafiki magazetini. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa kando ya ziwa hili akiwa anapiga picha tu. Maji yalipopanda mwaka 2020 na kumeza mashamba ya ukingoni, binadamu na kiboko wakazidi kubanana. Hakuna besi wa thamani hiyo.

Habari njema ni kwamba chura anakupa njia nyingine. Jua likiwa kali, besi wa maji ya wazi hugoma kula, lakini yule aliye chini ya magugu mazito yuko kwenye kivuli chake, ametulia, na jua linavyozidi ndivyo wenzake wanavyozidi kuhamia huko. Kwa hiyo saa tatu asubuhi mpaka saa sita au saa saba mchana ni saa zako halali kabisa. Baada ya hapo upepo wa Naivasha huanza kuamka na mtumbwi mdogo unakuwa mchezo wa bahati nasibu.

Nenda na nahodha wa pale pale, anayejua viboko wanalala wapi leo, siyo mwaka jana. Akisema "hapa tusiingie", usibishane naye kwa sababu umeona video. Usitembee kwa miguu ndani ya mafunjo. Vaa jaketi la kuokolea hata kama unajua kuogelea. Pitia ofisi ya uvuvi kabla ya kushuka majini, ulizia leseni na maeneo ya mazalia yaliyofungwa. Na ukiona maboya ya nyavu, zunguka mbali. Ndoana pacha ya chura wako inaweza kuchana wavu wa mtu ambao ndio ada ya watoto wake.

KWA MWENYE HARAKA

Kama dakika za saiba zimebaki mbili, chukua hii:

- Hela ya kwanza: mshipi wa kusokotwa, paundi 50 hadi 65.
- Hela ya pili: fimbo ya futi 7 au zaidi, herufi H.
- Hela ya tatu: vyura wawili wa pua iliyochongoka, mmoja mweusi, mmoja tumbo jeupe.
- Hela iliyobaki: rili yoyote imara, breki imekazwa.
- Saa: tatu asubuhi mpaka saba mchana, juu ya magugu mazito, na nahodha mwenyeji.
- Maji yakilipuka: ngoja uzito.

Besi mdogo mrudishe. Shika taya lake la chini kwa kidole gumba na cha shahada, toa ndoana kwa koleo, mwachie. Mkubwa ukitaka kumla ni haki yako ikiwa sheria inaruhusu, lakini akiwa jike mwenye tumbo la mayai, mfikirie mara mbili. Huyo amebeba safari zako za miaka ijayo.

Mkitaka kujua habari za dogo: ile rili hakuiuza. Amenunua mshipi mpya, na fimbo ngumu ameazima kwangu. Jumapili iliyopita alinasa mmoja wa karibu kilo moja, saa tano mchana, jua la utosi. Nilikuwa naye mtumbwini. Maji yalipolipuka alifumba macho kabisa ili asishawishike kuvuta, akangoja mkono. Nahodha alicheka mpaka akaangusha kafi.

Haya wadau, uwanja wenu sasa. Waliovua Naivasha, Masinga, au huko ughaibuni, tupeni uzoefu. Wanaosema chura wa njano ndiye kiboko yao, leteni picha. Matusi wekeni mfukoni. Maoni hapo chini.